Je, ni halali kumfungia samaki ndani ya kioo?



Swali la leo limetoka kwa binti mmoja wa kundi letu, na aliliuliza baada ya mazoezi ya kwaya, wakati wengine wanabishana kuhusu mechi. Kaka yake ameweka tangi la samaki sebuleni, lile la vioo, lenye mchanga, majani mabichi na samaki wadogo wa rangi. Basi binti akauliza: hivi hii si dhambi? Samaki kaumbwa aogelee mtoni, halafu wewe unamfungia kwenye kioo ili umtazame ukiwa unakunywa chai! Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akamjibu, "Ni samaki tu huyo. Mbona jana ulikula dagaa?"

Lile jibu la dagaa lilimaliza mjadala pale pale, lakini mimi naona halikujibu swali. Mvuvi wa Musoma anamtoa dagaa majini usiku mmoja, na kabla ya usiku huo dagaa alikuwa ameishi maisha yake yote bila kumjua mvuvi. Mwenye tangi hamuui samaki wake. Anamshika. Maji anayovuta, mwanga anaouona, chakula, joto, usiku na mchana wake, majirani zake, vyote vinatoka mkononi mwa mtu mmoja ambaye pengine kesho atasahau. Kuua kwa ajili ya chakula ni swali moja. Kuushika ulimwengu mzima wa kiumbe mwingine ni swali jingine kabisa, na binti yule aliuliza hilo la pili.

Tuanze na jambo ambalo wengi hatulioni kwa sababu tumelisikia mara nyingi mno. Katika kitabu cha Mwanzo 1:28, pale mwanadamu anapopewa kutawala viumbe, wanaotajwa wa kwanza ni samaki wa baharini. Kabla ya ndege, kabla ya wanyama wa nchi kavu. Inashangaza kidogo, maana kwa mtu wa kale samaki ndiye kiumbe aliyemtawala kidogo kuliko wote. Ng'ombe anamfuga, njiwa anamfuga, lakini samaki yuko kule chini gizani, humwoni mpaka umemvua. Sasa leo kijana mwenye geto la chumba kimoja Mbagala au Kayole anaweza kuwatawala samaki kwa namna ambayo mfalme Sulemani asingeiweza sebuleni kwake. Kwa hiyo ukitaka kujua neno "kutawala" linakufanya nini wewe unayetawala, tangi la samaki ni mahali pazuri pa kujifunzia. Ni padogo, na halifichi kitu.

Kanisa halikatazi kufuga. Katekisimu, kuanzia namba 2415 hadi 2418, inasema wazi kwamba wanyama wanaweza kufugwa wamsaidie mwanadamu katika kazi na hata katika mapumziko yake. Kwa hiyo kumtazama samaki ukinywa chai, peke yake, si kosa. Lakini hapo hapo inasema wanyama ni viumbe wa Mungu, kwamba kwa kuwapo kwao tu wanamtukuza, kwamba tunawiwa kuwatendea wema, na kwamba kuwatesa au kuwaua bila sababu ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu. Angalia vizuri: ni hadhi ya mwanadamu inayochafuka, yaani yako wewe mwenye kioo.

"Lakini samaki hana hisia," utasikia. Mwaka 2003 watafiti huko Uskoti walionyesha kwamba samaki aina ya trauti ana neva mdomoni zinazopokea taarifa za jeraha, na akiumizwa pale anabadilika: anapumua haraka, anakawia kula. Kama anaumia jinsi wewe unavyoumia, wataalamu bado wanabishana, nami siwezi kuwaamulia. Ila kwa swali letu hilo linatosha. Mtu muungwana akiwa na shaka kama mwenzake anaumia, haanzi kwa kumkanyaga ili ahakikishe.

Sasa tuingie majini, maana hapa ndipo mambo yenyewe yalipo.

Tuseme unatengeneza tangi la kawaida la sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Fundi wa vioo na aluminiamu mtaani anaweza kukukatia vioo na kuvigundisha kwa silikoni. Likijaa ni lita 54, hazifiki hata ndoo tatu kubwa, lakini ukijumlisha kioo na mchanga unazungumzia zaidi ya kilo 60. Hicho kimeza chako cha plastiki kiache kabisa. Mchanga uwe wa mtoni, uoshwe mpaka maji yatoke safi. Wa pwani una chumvi na vipande vya kombe na matumbawe vinavyobadilisha maji. Maji ya bomba yakae kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke (na kama mamlaka ya maji kwenu inatumia kloramini, hiyo haitoki kwa kusubiri, itabidi ununue dawa ya kuiondoa). Kisha unapanda mimea. Valisineria, ile yenye majani marefu kama utepe, mizizi yake inaingia mchangani. Anubiasi, ambayo kwao ni vijito vya misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, hupendi kuifukia. Shina lake nene linalotambaa likifunikwa na mchanga linaoza, kwa hiyo unaifunga kwa uzi kwenye jiwe au kipande cha mti.

Haya, tangi lina maji, lina majani, taa inawaka, linapendeza kweli. Na hapo ndipo sheria ya kwanza inapokukuta: hakuna samaki. Siyo leo, siyo wiki hii. Kwa kawaida unasubiri kati ya wiki nne na sita.

Kwa nini? Kwa sababu samaki anatoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua yake, na amonia ni sumu kwake mwenyewe. Mtoni haina shida, mto unaibeba. Katika tangi hakuna mto. Kila kinachotoka kwa samaki kinamrudia samaki. Kinachomwokoa ni bakteria wadogo sana wanaoota juu ya mchanga, juu ya majani na ndani ya sponji ya chujio. Kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, inazuia damu isibebe oksijeni. Kundi lingine linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni afadhali sana. Kisha mimea inaila nitrati, na hata amonia yenyewe inaichukua, ikatengeneza majani. Bakteria hawa hununui dukani kama sukari, au tuseme ukweli, vichupa vyao vinauzwa, lakini bado wanahitaji siku za kushika makazi. Unawalisha kidogo kidogo, kwa mfano kwa kutupia chembe za chakula ndani ya tangi tupu zioze, unapima maji, unasubiri.

Majuma hayo yote wageni wanakuja nyumbani wanakuuliza, "Samaki wako wapi?" Na wewe umekaa mbele ya tangi la majani na uchafu kidogo, huna cha kuwaonyesha.

Nataka tukae hapa kidogo, maana ndipo nilipoanza kuliona jibu la swali la binti yule. Katika siku hizo kazi yako kubwa ni kutofanya. Una uwezo wote. Hela ya samaki unayo mfukoni, duka lipo, hakuna askari wa kukuzuia, na samaki hawezi kukushtaki. Kitu pekee kinachosimama kati ya tamaa yako na kifo cha kiumbe ni kwamba wewe unajua jambo ambalo yeye halijui. Ukimwingiza mapema, siku mbili tatu za kwanza ataonekana mzima, utapiga picha uweke status. Baadaye ataanza kupanda juu na kuhema karibu na uso wa maji. Watu wengi wanasema "samaki wangu walikufa tu, sijui kwa nini." Hawakufa tu. Waliwekwa kwenye nyumba isiyo na choo.

Huyo mtawala anayejizuia wiki sita kwa ajili ya samaki wa sentimita tatu, kwa maoni yangu, ameanza kulielewa lile neno la Mwanzo kuliko mtu aliyelihubiri maisha yake yote akiwa anapiga mbwa mawe. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliikataa tafsiri inayodhani kwamba kutawala maana yake ni kufanya utakavyo, akatukumbusha kwamba Maandiko hayo hayo, katika Mwanzo 2:15, yanamweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Kulima na kutunza. Mwenye tangi la mimea anafanya yote mawili kwenye lita 54, na halipi visingizio.

Na hawezi kuyafanya peke yake, jambo ambalo linashusha kiburi vizuri. Mwaka 1850 mkemia mmoja wa London, Robert Warington, alichapisha taarifa ya jaribio lake: samaki wawili wa dhahabu na valisineria ndani ya chombo cha maji. Hoja yake ilikuwa kwamba mmea ungetoa oksijeni na samaki angeitumia, na mizani ingekaa sawa. Karibu ikae. Lakini majani yaliyozeeka yakaanza kuoza na kuchafua maji. Suluhisho halikuwa mashine. Aliongeza konokono wa bwawani, wakala mabaki, maji yakasafika. Yule mdudu ambaye ungemtupa nje ya kopo kwa kinyaa ndiye aliyekuwa amekosekana. Mjapani Takashi Amano, mpiga picha aliyefariki mwaka 2015 na ambaye wapenzi wengi wa matangi ya mimea wanamhesabu kuwa mwalimu wao, naye alipata umaarufu pamoja na kamba wadogo wasio na rangi wanaokula mwani. Leo kamba hao wanaitwa kwa jina lake. Alitengeneza misitu ya ajabu chini ya maji, likiwamo tangi la mita 40 kwenye jumba la viumbe vya bahari la Lisbon, na wafanyakazi wake wa usafi ni kamba usiowaona mpaka uwatafute.

Kwa hiyo tukirudi kwenye swali: kumfungia samaki kioo ni halali au si halali? Nasema inategemea kioo, na sikwepi. Kuna vyombo ambavyo naviona ni kosa waziwazi. Lile bakuli la mviringo la samaki mmoja wa dhahabu, ambalo katuni zote zimetufundisha kuwa ni la kawaida, mimi siwezi kulitetea. Samaki wa dhahabu akitunzwa anavuka sentimita 20 na anaishi zaidi ya miaka kumi. Anatoa uchafu mwingi. Kumweka kwenye lita tatu ni kumwambia aishi chooni mpaka afe, na anakufa mapema mno, ndiyo maana tunadhani samaki wa dhahabu maisha yake ni mafupi. Kadhalika yule beta mwenye mapezi marefu anayeuzwa kwenye kikombe cha plastiki. Ni kweli anaweza kuvuta hewa juu ya maji, ana kiungo maalumu kwa hilo, lakini kuweza kuvumilia kikombe si sawa na kukihitaji. Hata mtu anaweza kuvumilia mahabusu.

Tangi lililopandwa vizuri ni kitu tofauti. Ndani yake samaki ana mahali pa kujificha, na kujificha kwa samaki mdogo ni nusu ya maisha. Gapi anazaa, watoto wanakimbilia kwenye majani wasiliwe na mama yao (ndiyo, mama yao). Taa inawaka saa nane kwa siku halafu inazimwa, maana nao wanahitaji usiku. Hapo bado hajawa huru, tusidanganyane. Lakini kuna tofauti kati ya kumpunguzia kiumbe ulimwengu na kumnyang'anya. Swali la kujiuliza mbele ya kioo ni hili: je, samaki huyu anafanya mambo ambayo aina yake hufanya, anakula, anafukuzana, anajificha, anazaa, au anasimama tu kona moja akinisubiri mimi? Ukikaa dakika kumi kimya utalijua jibu. Watu wengi hawakai hizo dakika kumi.

Na ubaya mwingi kwenye tangi hautoki kwa ukatili, unatoka kwa upendo usio na kipimo. Unawapenda, unawalisha mara tano kwa siku, chakula kinazama, kinaoza, amonia inapanda. Kinachotosha ni kile wanachomaliza kwa dakika mbili hivi, na siku moja moja ya kutowapa kitu haiwadhuru. Unawapenda, unaongeza wengine kumi. Lakini usiku taa ikizimwa mimea nayo haitoi oksijeni tena, inaitumia, wanagombania ileile. Asubuhi unawakuta wote juu wanahema. Umeme ukikatika na pampu ikanyamaza, tangi lenye samaki wachache linavumilia kuliko lililojazwa. Unapenda usafi, unatoa sponji ya chujio unaiosha bombani mpaka inang'aa, na klorini inawaua wale bakteria uliowasubiri wiki sita. Sponji inasuuzwa kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini humo humo, unapobadilisha robo ya maji kila wiki. Inabaki chafuchafu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Sasa kuna pingamizi ambalo naliona zito kuliko la binti yule, na nashangaa halikuulizwa. Ni la hela. Namba 2418 ya Katekisimu ileile inasema haistahili kutumia kwa ajili ya wanyama fedha ambazo kwanza zingepaswa kupunguza taabu za watu. Tuwe wakweli. Una mama kijijini anayenunua dawa za presha kwa mkopo, una mdogo wako karudishwa shule kwa ajili ya michango, halafu unaagiza mtungi wa gesi ya kaboni na taa za rangi tatu ili majani yako yawe mekundu? Hapo sina namna ya kukutetea. Wengine wanakimbilia ile stori ya marhamu ya Bethania, eti hata Yesu aliruhusu kitu cha thamani kimwagwe. Jamani. Yule mama alimpaka Bwana. Wewe unanunua taa.

Lakini pia sitaki tumwonee kijana wa kipato kidogo kana kwamba uzuri ni haki ya matajiri peke yao. Tangi la mimea linaweza kuwa moja ya mambo ya gharama ndogo kabisa, likifanywa taratibu. Vipande vya vioo vilivyobaki kwa fundi, mchanga wa mtoni, mimea aliyopunguza rafiki yako badala ya kuitupa, gapi sita kutoka kwa jirani ambaye wamemzidi. Mimea hii inaongezeka yenyewe. Baada ya miezi michache utakuwa wewe unayegawa. Ukiishiwa hela tangi halifi, kama ulichagua samaki wachache na mimea isiyohitaji gesi wala mbolea za bei. Kipimo changu ni rahisi, kila mtu ajipime mwenyewe: kama hela ya tangi ingetajwa kwa sauti mezani mbele ya mama yako, ungeinamisha kichwa?

Kuna jambo jingine binti yule alilisema wakati tunaondoka. Alisema Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipewa samaki na mvuvi, naye akamrudisha majini. Ni kweli, Tomaso wa Celano anasimulia hivyo katika maisha ya mtakatifu: ilikuwa ziwa la Rieti, samaki mkubwa, Fransisko akamwita ndugu, akamwachia, na samaki akawa anacheza karibu na mashua, haondoki. Basi, akasema, si tuwaachie wote waende mtoni?

Hapa ndipo moyo mwema unaweza kuharibu nchi. Fransisko alimrudisha samaki kwenye ziwa lilelile alilotolewa dakika chache kabla. Gapi wako kwao ni Amerika ya Kusini na visiwa vya jirani. Ukimmwaga Msimbazi hujamrudisha kwao, umempeleka ugenini, na huenda umewapelekea wenyeji mgeni anayekula mayai yao au ugonjwa wasioujua. Kwetu hatuhitaji kubuni mifano. Gugu maji lenye ua zuri la zambarau ni mmea wa Amerika ya Kusini, na lilisambaa duniani kwa sababu watu walilipenda kwenye madimbwi yao ya mapambo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana Ziwa Viktoria. Katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa limefunga ghuba na mialo, mitumbwi haipiti, wavuvi wa Kisumu wanakaa ufukweni wakitazama shamba la kijani mahali palipokuwa maji. Ilibidi waletwe fukusi maalumu walile. Ua la bwawani.

Na sangara, naye hakuwa wa Viktoria. Aliingizwa humo miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Alileta viwanda na hela, hilo hatulikatai. Lakini furu, wale samaki wadogo waliokuwa wa aina mamia na wengi wao hawapatikani popote pengine duniani, walianguka vibaya sana, na aina nyingi hazijaonekana tena. Kisha kuna jambo ambalo nikilifikiria linanichanganya: baadhi ya furu ambao hawaonekani tena ziwani bado wako hai, kwenye matangi ya vioo huko Ulaya na Marekani, kwa watu waliowatunza kizazi baada ya kizazi. Samaki wa Mwanza anazaliwa Uholanzi, ndani ya kioo, kwa sababu nyumbani kwake hapaishiki. Ukimuuliza binti yetu kama kioo hicho ni gereza, nadhani atanyamaza kidogo. Nuhu hakuhitaji kuwaingiza samaki kwenye safina, gharika haikuwa tatizo lao. Safina yao imekuja kujengwa baadaye, kwa silikoni.

Kwa sababu hiyohiyo ningependa ujue samaki wako ametoka wapi kabla ya kumlipia. Gapi na wengi wa dukani wamezaliwa mabwawani, vizazi na vizazi. Lakini wapo wanaovuliwa wakiwa huru, na Ziwa Tanganyika ni mojawapo ya mahali wanapotafutwa, kwa kuwa lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sato, wengi wao wa huko tu. Wapo wadogo wanaoishi na kulea watoto ndani ya magamba matupu ya konokono, familia baada ya familia, kama kijiji. Kumtoa mmoja wa hao na kumsafirisha kwenye mfuko wa plastiki kunahitaji sababu nzito kuliko "anapendeza". Muuzaji akishindwa kukuambia samaki alizaliwa wapi, mwache.

Linabaki la mwisho, ambalo vijana hatulifikirii siku ya kununua: utaondoka. Utapata chuo Dodoma, kazi Arusha, ndoa, wito wa utawa, chochote. Samaki hawezi kukufuata kwenye basi. Kwa hiyo kabla hujaingiza maji, uwe na jina la mtu mmoja ambaye angekubali kuwachukua, na umwulize kweli, siyo kichwani. Siku ikifika, wapeleke ndani ya ndoo yenye maji ya tangi lao wenyewe, yenye nafasi ya hewa, na ufunike kwa kitambaa. Mimea ifunge kwenye magazeti yaliyoloa. Sponji ya chujio ibaki imelowa njia nzima, maana ikikauka anaanza upya wiki zake sita. Asiyepata wa kumpa ampigie muuzaji wa samaki wa mapambo. Wengi wanawachukua bure. Mabaki ya mimea yakauke juani kabisa kabla ya kutupwa, yasikaribie mfereji. Na umwonye anayepokea kuhusu gapi jike: anaweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi, akazaa tena na tena hata kama hukumpa dume hata mmoja.